Fungu la Kijana Tusilile Sisi

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sheha wetu, mashekhe, wazee wenzangu, na nyinyi wanangu mliojazana madirishani kwa kukosa viti. Nimeombwa nizungumzie ile mada iliyobandikwa mlangoni: nani amuandalie kijana makaazi na maisha yake ya mbele, mzazi au Serikali? Kijana aliyeniletea barua alinitaka nichague upande mmoja ili mjadala unoge. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimekula mshahara wa masjala ya ardhi mpaka nikastaafu. Aliyeshika mafaili ya viwanja umri wote huo ameyaona madhambi ya pande zote mbili, hatokuwa wakili mzuri wa yeyote.

Basi nitasema ninayoyajua, yaani ardhi, nyumba na urithi. Ya ajira wapo wanaoyajua kunishinda.

Nianze na Serikali, maana ndiyo inayolaumiwa zaidi na vijana. Hapa kwetu Zanzibar si kweli kwamba Serikali haijawahi kumpa mtu nyumba. Imewahi, na wazee mliomo humu mnakumbuka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya taifa, kisha watu wasiokuwa na shamba wakagawiwa eka tatu tatu. Tarehe 23 Septemba mwaka huo huo elimu ikatangazwa kuwa bila malipo. Mimi mwenyewe ni mtoto wa tangazo lile, baba yangu asingeweza kunilipia skuli. Halafu zikaja nyumba za maendeleo. Zilianza Kikwajuni na Kilimani kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, yakafuata yale majumba marefu ya Michenzani, na huko shamba wakajengewa watu wa Makunduchi, Bambi na Chaani. Pemba zikapanda Mkoani, Chake, Wete na Micheweni. Mtu aliyevunjiwa kibanda chake cha udongo Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kupisha ujenzi alikabidhiwa fleti yenye maji ya bomba na choo cha ndani. Semeni mtakayosema kuhusu zama zile, na mengi yanasemeka, lakini mchukuzi wa bandarini kupewa ufunguo wa fleti halikuwa jambo dogo.

Sasa nendeni mkaitazame fleti yenyewe leo. Ipo moja naijua kwa sababu nina jamaa ndani yake. Ilitolewa kwa mtu na mkewe na watoto wawili. Wale wawili wakawa saba, saba wakazaa, na waliobaki humo sasa ni kizazi cha tatu. Upenu wa jikoni umezibwa kwa mbao ukawa chumba cha binti aliyerudi baada ya talaka, na watoto wake. Mjukuu mkubwa analala ukumbini: godoro analikunja kabla ya alfajiri, analisukuma nyuma ya kabati la vyombo, kwa sababu bibi yake akiamka kusali anapita hapo. Ni fundi umeme, ana cheti, ana mikono mizuri, na anachumbia mwaka wa tatu huu. Wakwe hawamkatai. Wanamuuliza neno moja tu: mtakaa wapi?

Kilichokosekana ni hesabu ya watakaokuja. Nyumba ilitolewa mara moja kwa watu waliokuwapo siku ile, basi. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima. Sensa ya 2022 ikatuhesabu 1,889,773. Karibu watu laki sita wameongezeka katika miaka 10, na Unguja, ambayo yote haifiki kilomita za mraba 1,700, haikuongezeka hata dhiraa moja. Kwa hiyo kijana anaponiambia "babu alipewa, na mimi nipewe", namuelewa, lakini namwambia ukweli: babu yako alipewa wakati mji unaishia Mwembeladu na ng'ambo yake kidogo. Wewe unaomba wakati nyumba zimefika Fuoni, zimeipita Fuoni, na zinaingia kwenye mashamba ya mihogo.

Nije kwa mzazi. Hapa wengine mtaninunia.

Zile eka tatu zilikuwa za kulima, si za kuuza. Zimekwenda wapi? Zungukeni Kisauni, Tomondo, Kinuni, Dole. Minazi imekatwa, eka imekatwa viwanja, kila kiwanja kimeuzwa kwa karatasi ya mkono na mashahidi wawili. Masjala tulikuwa tunaletewa karatasi hizo zimekunjwa mara nane, zimelowa jasho, kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu watatu, na mipaka imeandikwa "kutoka mwembe mpaka kwa Bi Fulani". Mwembe umeshakatwa na Bi Fulani ameshafariki. Hakuna njia ya gari ya maiti, hakuna mtaro, na masika ikija Mwanakwerekwe imewahi kugeuka ziwa, watu wakavushwa kwa malipo. Aliyeuza amekula, aliyenunua amejenga majini, na mtoto wa aliyeuza anapanga chumba kwenye nyumba iliyojengwa juu ya shamba la babu yake. Hili la mwisho nimeliona kwa macho, na yule kijana alikuwa analisimulia huku anacheka.

Na pwani ni hivyo hivyo. Mimi asili yangu ni mashariki, nimekulia kwenye mwani. Mama zetu wa Paje na Jambiani, mwani ulipoingia mwishoni mwa miaka ya 1980, walisimama majini mpaka kiunoni wakafunga kamba kwenye vijiti, na kwa pesa zile za kilo wakajenga nyumba za mawe na kuwasomesha watoto. Wanaume wakicheka kwanza, baadaye wakaacha kucheka. Kisha bei ya ufukwe ikapanda. Baba mtu akauza upande wa bahari, akanunua gari ya abiria, gari ikafa Kitogani, na upande wa bahari sasa una ukuta. Mtoto wake analinda lango la ukuta huo usiku. Simcheki baba yule. Nimeuliza sana watu kwa nini waliuza, maana kazi yangu ilikuwa kuuliza, na majibu yao si ya anasa kama mnavyodhani. Wengi waliuza kwa sababu ya maradhi. Mama amepelekwa Muhimbili. Figo. Mguu umekatwa kwa sukari. Wengine maziko na hitima, wengine harusi ya binti, wachache Hija. Mzee asiye na pencheni na asiye na bima ana benki moja tu, nayo ni kiwanja.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Tumebishana mzazi au Serikali kana kwamba mmoja wao ana ghala limejaa na mwenzake anamzuia kulifungua. Ninavyoona mimi, kijana hamdai mzazi nyumba, wala haidai Serikali nyumba. Anachowadai wote wawili ni kwamba wasilile fungu lake kabla hajafika mezani. Mzazi amelila alipouza bila kubakisha. Na Serikali nayo imelila, nisiwaogope wakubwa waliomo humu, kila ilipotoa ardhi nzuri ya karibu na mji kwa nyumba ambazo mtoto wa Mzanzibari hawezi hata kuuliza bei yake. Fleti za Fumba na za Paje zimekuwa zikitangazwa kwa dola. Mshahara wa chini wa Serikali uliotangazwa 2022 ulikuwa shilingi 347,000. Wekeni hesabu hizo mbili pamoja mnitajie lini zitakutana. Sikatai mwekezaji, kodi yake inalipa mshahara wa daktari. Nasema kila panapopimwa ardhi ya kuuzia dola, na papimwe hapo hapo ardhi ya kukodishia kwa shilingi.

Ipo tabu nyengine haisemwi. Kijana wetu, mbali na kukosa fungu, anarithi mizigo. Akipata kazi leo hotelini, mshahara wa kwanza haujakauka wino, simu zinaanza. Bibi hana sukari. Baba anataka dawa ya presha. Mdogo wake anadaiwa sare. Anatuma elfu kumi hapa, elfu ishirini pale, na kwetu sisi asiyetuma anaitwa hana radhi. Mwisho wa mwaka hana tofali hata moja. Halafu sisi wazee tunakaa barazani tunasema vijana wa siku hizi hawajengi! Wajenge kwa kitu gani, na sisi ndio tumewafanya pencheni yetu?

Kumtunza mzazi ni wajibu, sitaki mtoke hapa mkasema Bi mkubwa kawaambia watoto wawatupe wazee. Lakini wajibu huo tukiubeba wote pamoja, kijana anapumua. Mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianzisha Pencheni Jamii. Kila aliyefika miaka 70, awe alikuwa karani kama mimi au alikuwa anavua pweza, akawa analipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti yetu wenyewe, bila kuulizwa ana watoto wangapi wala wanamtumia ngapi. Baadaye ikapandishwa mpaka 50,000. Wapo walioicheka: elfu hamsini itafanya nini? Nendeni mkasimame mahali wanapolipwa mkaone. Bi kizee anatoka na noti zake kwenye pindo la kanga, anapita dukani kulipa deni la mchele, ananunua dawa, na kinachobaki anampa mjukuu nauli ya skuli. Yaani safari hii pesa imeshuka chini badala ya kupanda juu. Mwezi huo mtoto wake aliyeko hotelini hakupigiwa simu ya sukari.

Mkiniuliza mimi, na mmeniuliza, pesa ya umma inayomsaidia kijana kupata nyumba haraka ni ile anayolipwa bibi yake. Mchango wa kijana wa kila mwezi unageuka saruji. Kiwanja cha familia kinabaki, kwa sababu mzee hana haja ya kukiuza ili atibiwe. Ningeambiwa nichague kati ya jengo moja la fleti la kukata utepe na kuongeza pencheni ya wazee ikafika kiasi cha kumlisha mtu, na kuishusha kutoka miaka 70 ifike 65, nisingefikiri mara mbili. Jengo linachukua familia mia, na mnajua wenyewe majina hupatikanaje. Pencheni inamfikia kila mwenye bibi. Na bima ya afya hivyo hivyo. Mfuko wa Huduma za Afya umeanza na wafanyakazi wa Serikali, lakini aliyeuza kiwanja kwa ajili ya figo hakuwa mfanyakazi wa Serikali. Umfikie na yeye.

Na nyinyi mliojiajiri, madereva wa bodaboda, wavuvi, akina mama wa mwani, mafundi: ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, wana mpango wa hiari wa kujiwekea. Msiseme hamkuambiwa. Mtu mwenye miaka 25 anayejiwekea leo anamjengea nyumba mtoto wake ambaye hajazaliwa, kwa kutomtegemea uzeeni. Wangapi humu mna mchezo wa upatu? Nyanyueni mikono. Naam, karibu wote, na ndiyo maana nasema nidhamu mnayo. Kinachokosekana ni kuipeleka mbali zaidi ya sikukuu ya Idi.

Watu wa upande wa "Serikali itoe" hupenda kututajia nchi mbili. Ya kwanza ni Oman, kwa sababu tuna ndugu huko. Kweli, serikali yao huwapa raia viwanja vya kujenga, na tangu 2008 hata wanawake wana haki sawa ya kuomba. Lakini Oman ni nchi ya zaidi ya kilomita za mraba laki tatu na ina mafuta, na hata hivyo ndugu zenu watakwambieni kuwa mtu anaweza kungoja miaka kabla jina lake halijatoka. Ya pili ni Singapore, na hii naiheshimu zaidi, kwa sababu ni kisiwa na ni kidogo kuliko nusu ya Unguja. Kule watu wengi wanaishi katika nyumba zilizojengwa na shirika la serikali lililoanza 1960. Wanaoisifu wanasahau kueleza malipo. Fleti hazitolewi bure. Mfanyakazi anakatwa mshahara tangu siku ya kwanza, mwajiri anaongeza, na tangu 1968 akiba hiyo imeruhusiwa kununulia nyumba. Na anachonunua ni haki ya kukaa miaka 99, kisha ardhi inarudi serikalini wapewe wengine. Mnaona? Waliwahesabu wasiokuwapo. Sisi tulitoa fleti bila kuuliza mtoto wa mchukuzi atakwenda wapi.

Jirani zetu Kenya wamejaribu kwa njia ya makato: asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri naye kiasi hicho hicho. Mahakama Kuu ikayapinga 2023, Bunge likatunga sheria mpya 2024, makato yakarudi. Vijana wao wanauliza suali ambalo na wetu wangeuliza: mimi ninayekatwa leo, nyumba hiyo nitaiona lini? Sitoingia zaidi huko, wana mambo yao.

Kwetu sheria inatupa nafasi ambayo wengi hawana. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1992 sote humu hatumiliki ardhi, tuna haki ya matumizi tu. Ardhi ni ya umma. Sasa ikiwa ni ya umma, umma ndio wenye uwezo wa kuipima mapema, kabla watu hawajaingia. Naiomba Serikali kazi hiyo kuliko kujenga: itangulie mbele ya mji, iweke njia, iache mtaro, iweke nafasi ya skuli na makaburi, kisha imkodishe kijana kiwanja kidogo kwa ada anayoiweza, kwa masharti kwamba hakiuzwi na kwamba asipojenga kwa muda fulani kinarudi. Mkiniambia tayari vipo viwanja vya namna hiyo, nitawajibu nimeyakuta kwenye mafaili majina ya watu wenye viwanja vinne. Si jambo la kumtaja mtu.

Na upangaji! Hili halihitaji mafuta wala Wajerumani, linataka sheria ya kurasa mbili. Tuseme kijana amepata chumba mjini kwa laki moja na nusu kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Laki tisa kabla hajaingiza hata jiko. Kwa mshahara ule wa chini hiyo ni zaidi ya miezi miwili na nusu bila kula, bila nauli, bila kutuma nyumbani. Atazitoa wapi? Anakopa, au harusi inaahirishwa. Wenye nyumba humu ndani, najua mnapenda pesa ya mkupuo. Lakini wangapi kati yenu mnalipwa mshahara wa miezi sita mbele? Basi kwa nini mpangaji alipe hivyo? Mwezi mmoja, na mmoja wa amana, unatosha. Mkianza wawili watatu katika shehia hii bila kungoja Baraza la Wawakilishi, wengine watafuata kwa aibu.

Sasa hiba, yaani mali unayompa mtu ukiwa hai. Mashekhe wapo hapa mbele, nikikosea watanirekebisha, ndiyo kazi yao.

Mnaijua hadithi ya Saad bin Abi Waqqas, aliyekuwa mgonjwa akataka kutoa mali yake yote sadaka, akiwa na binti mmoja. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamkataza, akamkataza na nusu, akamruhusu thuluthi na akasema thuluthi ni nyingi; ni bora kuwaacha warithi wakijitosheleza kuliko kuwaacha wakiwanyooshea watu mikono. Tunaisikia kwenye mawaidha ya wasia tu. Mimi naisikia kama amri ya makaazi. Anayeuza kiwanja cha mwisho kwa ajili ya harusi ya siku tatu amewaacha watoto wananyoosha mikono.

Na bado tunangoja kufa ndipo tugawe. Mzee ana nyumba moja na uwanja wa nyuma wa hatua ishirini, watoto sita wanazungukazunguka, hakuna anayethubutu kusema "baba, tupe pale nyuma", kwa sababu ataambiwa unamtakia mzazi wako kifo. Mzee anafariki. Kesi inakwenda kwa kadhi. Nyumba haigawiki, mafungu ni madogo, mmoja yuko Muscat anataka taslimu, mmoja hataki kutoka, mwisho nyumba inauzwa na kila mtu anapata pesa isiyonunua hata choo. Mafaili ya namna hiyo yalijaa kwenye makabati yetu mpaka tukawa tunayapanga chini.

Dini imetupa njia ya kutoa tukiwa hai. Mpe mwanao pale nyuma ajenge chumba na ukumbi. Lakini itimize. Kwa madhehebu yetu ya Shafi hiba haikamiliki kwa maneno ya barazani, mpaka aliyepewa akabidhiwe. Mwite, mwite sheha, pimeni kwa utepe, andikeni, wekeni mawe ya mpaka, na siku hiyo hiyo achimbe kisima chake au apande mpapai, ijulikane kuwa si pako tena. Na watoto wote washuhudie, ili isije ikasemwa mama wa kambo alimroga baba.

Na mabinti. Wazee wenzangu, ngojeni nimalize. Mirathi ina mafungu yake yaliyokwisha pangwa, sina la kusema juu yake. Lakini hiba tumefundishwa kuwafanyia watoto uadilifu, na nimeona kiwanja cha nyuma kikigawiwa wavulana wanne huku msichana akiambiwa "wewe utaolewa". Ameolewa, ndiyo. Na ameachwa, na amerudi na watoto watatu, na anakaa kwenye upenu uliozibwa kwa mbao. Mwenye haja kubwa zaidi ya chumba ukooni mwenu mara nyingi ni yeye. Mpeni hata hatua sita. Mama zetu wa mwani walijenga kwa mikono yao kwa sababu walilijua hili kabla yetu.

Vijana, msidhani mmeponea. Wapo kati yenu waliopewa kiwanja na baba zao, kwa hiba nzuri kabisa, wakakiuza ndani ya mwaka wakanunua pikipiki na simu. Wapo wanaotaka kuanza na nyumba ya vyumba vinne na bati la rangi, wakati saruji inapanda na mchanga wenyewe hapa kwetu unataka kibali. Jengeni chumba kimoja na choo, muoe, mengine yatafuata. Msichana anayekataa chumba kimoja cha kwako na kuchagua vitatu vya kupanga, mshauriane naye vizuri kabla ya posa. Naona akina dada wanacheka; mimi sikusema nyinyi.

Na jengine: dai mnalopeleka kwa mbunge na mwakilishi wenu liwe na sura. "Serikali itusaidie vijana" si dai, atakujibuni kwa semina ya ujasiriamali. Muulizeni katika shehia hii vimepimwa viwanja vingapi vya shilingi. Muulizeni sheria ya kodi ya nyumba imefika wapi. Na mkienda mumchukue bibi mmoja aulize ya pencheni, maana akiuliza bibi hawawezi kumwambia akajiajiri.

Sheha ananionyesha saa, na ni kweli adhuhuri inakaribia. Kwa wanaotaka kuandikisha hiba, nimekubaliana na katibu wa msikiti kwamba nitakaa hapa kila Jumamosi baada ya alasiri nikiwa na fomu na utepe wa kupimia. Njooni na mashahidi wawili wasiokuwa warithi, na mje na watoto wote, wa kike pia. Sitozi pesa. Maswali sasa, na tuanze na wale wa madirishani, wamesimama muda mrefu.